Kadi ya Dobi Wembe

Ukipita mtaani kwao asubuhi, utamsikia dobi kabla hujamwona. Pasi inalia "tssss" juu ya kitambaa chenye unyevu. Mvuke unatoka dirishani, na harufu ya sabuni inakusindikiza mpaka kona ya pili. Ndani yupo mwanamume mrefu, mwembamba, mikono ya shati ameikunja hadi viwikoni. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Watu humwita Wembe.

Jina hilo alipewa na wateja. Suruali ikipigwa pasi na Wembe, mkunjo wake unasimama wima kama umechorwa kwa rula. Kinyozi mwenye duka la jirani hupenda kusema, "Mimi nawanyoa watu kwa wembe, huyu anawavalisha."

Mkewe, Mama Pacha, hupokea nguo, huzihesabu, huzitenga nyeupe na za rangi. Pembeni, karibu na mlango, kuna cherehani. Hapo hukaa mdogo wake Mama Pacha. Alikuja kwao kusomea ushonaji, akamaliza, akabaki kufanya kazi. Anatia zipu, anashona mipasuko, anarudisha vifungo vilivyopotea. Watoto wao pacha humwita mama mdogo. Wateja humwita Vifungo. Wembe humwita shemeji, naye humwita shemeji vilevile, na kutwa nzima wanataniana.

"Shemeji, zipu hii umeitia au umeitishia?"

"Nimeitia, shemeji. Wewe endelea kupigana na hizo suruali, zinaonekana zinakushinda."

Ndivyo siku zao zilivyokwenda.

Kadi ya mkopo iliingia katika nyumba hii kwa sababu ya mvua. Mwaka ule mvua ilinyesha mfululizo, na mashine yao ya kukaushia nguo ikafa. Nguo zikaning'inizwa kila mahali. Zilining'inia dukani, sebuleni, mpaka juu ya kitanda cha pacha. Wateja walianza kununa. Wembe akaenda benki, akapewa kadi ya mkopo, akanunua mashine mpya.

Kadi hiyo si kama kadi ya kawaida ya benki. Kadi ya kawaida inachota pesa zako mwenyewe. Kadi ya mkopo inachota pesa za benki, nawe unapaswa kuzirudisha. Wembe alilijua hilo. Lakini mengine hakuyajua, na hakuuliza. Kila mwezi benki ilimletea taarifa ya kadi. Humo ziliandikwa hesabu mbili: deni lote, na kiasi cha chini kabisa cha kulipa. Wembe alilipa kile cha chini. Alikilipa akiwa ametulia, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

"Benki yenyewe imeandika nilipe hiki," alimwambia mkewe. "Mimi ni nani niwape zaidi?"

Alipohitaji pesa taslimu za kununulia sabuni, alikwenda na kadi hiyohiyo kwenye mashine ya kutolea pesa. "Kadi ni kadi," alisema.

Siku moja mkanda wa mashine ya kukaushia ulikatika. Wembe alimpigia muuza vipuri, akaagiza mwingine. Muuza vipuri akasema ataupeleka dukani mwenyewe, bila malipo ya ziada.

Kesho yake kazi ilikuwa nyingi. Mashuka ya nyumba ya wageni yalirundikana mpaka usawa wa dirisha. Wembe alikuwa na pasi mkono mmoja simu yake ilipolia. Ulikuwa ujumbe. "Mzigo wako umezuiliwa. Lipa ada ndogo ili ukufikie. Bonyeza hapa." Chini yake palikuwa na maandishi ya bluu.

"Nani huyo, shemeji?" Vifungo aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Watu wa mzigo. Wanataka ada."

"Si muuza vipuri alisema analeta bure?"

"Shemeji, nani mwingine anajua kwamba nasubiri mkanda? Shona. Mashuka haya hayajikaushi yenyewe."

Vifungo akakanyaga cherehani yake. Wembe alibonyeza yale maandishi ya bluu. Ukafunguka ukurasa wenye rangi nzuri. Ulimwomba namba ya kadi, tarehe ya kadi kuisha muda wake, na zile namba tatu za nyuma ya kadi. Akajaza zote. Ada yenyewe ilikuwa ndogo, haifiki hata bei ya kipande cha sabuni.

Muda si mrefu simu ikaita. Sauti ilikuwa ya mwanamume mpole, mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee. Pole na kazi. Napiga kutoka benki, kitengo cha malipo. Sasa hivi utapokea ujumbe wenye tarakimu sita. Naomba unisomee ili nikukamilishie malipo yako."

"Marahaba, kijana wangu. Subiri."

Ujumbe ukaingia kweli. Ulikuwa na tarakimu sita, na chini yake maneno: "Usimpe mtu yeyote namba hii." Wembe alikuwa na haraka. Alisoma tarakimu, hakusoma maneno.

Alasiri ile muuza vipuri alileta mkanda. Wembe alifurahi. "Umeona?" alimwambia Vifungo. "Ada imelipwa, mzigo umefika." Akaufunga mkanda, mashine ikazunguka, naye akausahau ujumbe ule kama mtu anavyosahau mbu aliyemuuma jana.

Siku zilizofuata, simu yake iliingiza ujumbe kadhaa kutoka benki. Wembe hakuufungua. Kwake yeye ujumbe wa benki ulikuwa matangazo tu.

Mwisho wa wiki alikwenda kununua sabuni ya jumla. Alipanga ndoo za sabuni juu ya kaunta, akatoa kadi. Muuzaji akaigusisha kwenye mashine ya kulipia.

"Imekataa, kaka."

"Hebu jaribu tena."

"Imekataa tena. Inasema umefika kikomo cha mkopo wako."

"Kikomo gani? Sijanunua kitu!"

Nyuma yake palikuwa na foleni. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akatazama saa. Wembe, aliyezoea kutoka dukani humo akiwa amebeba ndoo kila mkono, alizirudisha ndoo rafuni moja moja. Akatoka mikono mitupu.

Nyumbani, Mama Pacha alifungua taarifa ya kadi kwenye simu. Akasoma kwa sauti.

"Duka la viatu na mikoba. Duka la viatu na mikoba, tena. Duka la simu. Baba Pacha, haya maduka ni ya wapi?"

"Nayajuaje mimi?"

Lakini moyoni Wembe alikuwa ameanza hesabu yake. Viatu na mikoba ni vitu vya wanawake. Mkewe hakununua. Na pale karibu na cherehani, kwenye msumari, palining'inia mkoba mpya mwekundu. Tena, nani mwingine aliwahi kuishika kadi ile? Wakati wa kulipa karo ya ushonaji, Wembe alikuwa na kazi nyingi. Alimpa Vifungo kadi pamoja na namba ya siri, akamwambia aende chuoni akalipe mwenyewe.

Akajumlisha moja na moja, akapata kumi.

Jioni walikaa kula. Wembe hakugusa chakula.

"Shemeji," alisema, "ule mkoba mwekundu umeutoa wapi?"

Vifungo alitabasamu. Alidhani ni utani. "Umekupendeza? Nikushonee wa kwako?"

"Nimeuliza umeutoa wapi. Kadi yangu imekombwa. Imenunua mikoba. Na katika nyumba hii, mtu aliyewahi kuishika kadi yangu na kuijua namba yake ni mmoja."

Pacha waliacha kutafuna. Mama Pacha akasema polepole, "Baba Pacha, ngoja kwanza."

"Shemeji," Vifungo alisema, "unaniita mwizi?"

"Sijalitaja neno hilo."

"Umelipiga pasi tu. Ni lilelile."

Akanyanyuka, akanawa mikono, akaingia chumbani. Asubuhi walikuta kitanda chake kimetandikwa vizuri, na nguo zake hazipo. Alikuwa amekwenda kwa rafiki yake aliyesoma naye ushonaji.

"Mama mdogo yuko wapi?" pacha waliuliza.

"Muulizeni baba yenu," alisema Mama Pacha.

Baada ya hapo, nyumba ilipoa. Mama Pacha alipika, akafua, akahesabu nguo za wateja, lakini kwa mumewe alibakiza maneno mawili tu: "ndiyo" na "hapana". Cherehani ilifunikwa kitambaa. Wateja waliuliza, "Vifungo yuko wapi leo?" Wembe alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira haoni tabu kusema. Alimwambia kinyozi, "Kuna watu ukiwafungulia mlango, wao wanakufungulia mfuko." Alimwambia hivyohivyo fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Akamwambia na mwalimu mmoja aliyekuja kuchukua koti lake. Habari haina miguu, lakini hufika.

Miongoni mwa wateja wao alikuwamo dada mmoja mfanyakazi wa benki. Kazi yake ni kuwahudumia watu wenye matatizo ya kadi. Alileta sare zake kila wiki, na siku hiyo alikuja kuchukua sketi iliyokuwa na zipu mbovu.

"Zipu bado," Wembe alisema. "Fundi hayupo. Na hatarudi."

"Kulikoni? Anaumwa?"

"Haumwi. Anauma. Amekula kadi yangu yote."

Dada wa benki aliweka mkoba wake juu ya meza ya pasi. "Kaka, kadi yako imetumiwa na mtu mwingine?"

"Ndiyo. Tangu wiki iliyopita."

"Umepiga simu benki?"

"Ya nini? Mwizi namjua."

"Umeizuia kadi?"

"Kuizuia vipi? Ninayo hapa mfukoni."

"Kaka yangu!" Dada wa benki alipandisha sauti, mpaka Mama Pacha akatoka nyuma ya pazia. "Kuwa nayo mfukoni hakusaidii. Mtu mwenye namba za kadi yako ananunua bila kuishika. Kila saa unayokaa kimya, umemwachia mlango wazi. Kwanza funga mlango. Mwizi tutamtafuta baadaye."

Wembe alitoa simu. "Ni namba gani? Ipo kwenye ujumbe hapa mahali…"

"Acha ujumbe. Geuza kadi. Namba ya benki imeandikwa nyuma ya kadi yenyewe. Piga hiyo, wala usipige nyingine. Namba za kwenye ujumbe huenda zimeandikwa na tapeli mwenyewe."

Wembe akageuza kadi. Kumbe namba ilikuwepo siku zote. Alipoanza kubonyeza, akasema, "Au nikutajie wewe namba yangu ya siri, dada, unisaidie huko ofisini? Ni sifuri, saba…"

"Usiniambie!" Dada wa benki aliziba masikio yote mawili kwa viganja, kama mtoto anayeogopa radi. Mama Pacha alishindwa kujizuia, akacheka. "Mimi pia usiniambie! Meneja wangu usimwambie. Hakuna mfanyakazi wa benki anayehitaji namba yako ya siri. Anayekuuliza hiyo, jua ni tapeli, hata akikuamkia shikamoo."

Wembe alisimama na simu mkononi. "Hata akikuamkia shikamoo?"

"Hao ndio wenye adabu kuliko sisi."

Simu ikapokelewa. Mhudumu wa upande wa pili aliizuia kadi palepale. Kisha akauliza, "Bwana, hivi karibuni umejaza namba za kadi mahali popote mtandaoni? Umemsomea mtu tarakimu zilizokuja kwa ujumbe?"

Wembe alifungua mdomo aseme hapana. Alitazama rundo la mashuka. Alitazama mashine ya kukaushia, iliyokuwa ikizunguka kwa mkanda wake mpya.

"Nimemsomea mtu," alisema. "Wa benki. Wa mzigo. Nimemsomea."

Alipokata simu, alikaa juu ya kapu la nguo chafu. Dada wa benki alimwomba afungue ujumbe uliomjia siku ile. Wakausoma pamoja.

"Lakini walijuaje kwamba nasubiri mzigo?" Wembe aliuliza.

"Hawakujua. Ujumbe huu huu wamewatumia watu maelfu. Katika maelfu hakosekani anayesubiri mzigo. Wewe mkanda, mwingine dawa, mwingine viatu vya mtoto. Kila mmoja anasema, 'Nani mwingine anajua?'"

"Na mkanda ulifika!"

"Ulifika kwa sababu muuza vipuri ni mtu wa kweli, alitimiza ahadi yake. Ada uliyolipa haikumfikia. Sasa soma hapa, kwenye zile tarakimu. Soma maneno ya chini."

Wembe akasoma. "Usimpe mtu yeyote namba hii."

Akayasoma tena, polepole. Mama Pacha ndiye aliyeanza.

"Ule mkoba," alisema, "mdogo wangu aliushona mwenyewe. Kuna koti jekundu liliachwa hapa na mteja aliyehama. Lilikaa mwaka mzima. Alikata lile. Ulikuwa umesimama hatua tatu kutoka kwake alipokuwa akiushona. Ungemuuliza kwa wema, angekuonyesha nyuzi."

Wembe aliinamisha kichwa. Alikumbuka swali la Vifungo: "Si muuza vipuri alisema analeta bure?" Alikuwa amemfukuza mtu yuleyule aliyemwonya.

Dada wa benki hakuondoka haraka. Aliomba kuona taarifa ya kadi ya miezi iliyopita, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Kaka, tapeli amekuibia. Lakini kuna pesa nyingine umezitoa mwenyewe. Kila mwezi unalipa kiasi cha chini tu?"

"Si ndicho walichoandika?"

"Hicho ni cha kukuokoa usipigwe faini ya kuchelewa. Hakimalizi deni. Sehemu iliyobaki inatozwa riba. Mwezi ujao riba inaingia ndani ya deni, nayo inatozwa riba."

Wembe alifikiri. Kisha akasema, zaidi kwa nafsi yake, "Kama doa. Ukilifua siku ileile, maji na sabuni vinatosha. Ukiliacha, linaingia ndani ya uzi."

"Basi umenielewa kuliko wateja wangu wote. Ukinunua kwa kadi, mara nyingi unapewa siku kadhaa bila riba. Lipa deni lote ndani ya siku hizo, hutozwi kitu. Ukishindwa lote, lipa kadiri unavyoweza, lakini zaidi ya kile cha chini. Na hizi hapa ni nini? Umetoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo?"

"Za sabuni. Mara chache."

"Mara chache hizo zimekugharimu. Ukitoa pesa taslimu kwa kadi hii unatozwa ada papo hapo, na riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo. Hupewi nafasi yoyote. Lipia sabuni yenyewe kwa kadi, au tumia pesa za mauzo yako."

Mama Pacha alivuta kiti. "Na pesa alizochukua huyo mwizi, zitarudi?"

"Dada, siwezi kukuahidi. Benki itachunguza. Yale malipo ambayo hayajakamilika huenda yakazuiwa. Lakini tarakimu kaka alizisoma kwa mdomo wake, na hilo litaangaliwa. Angepiga simu siku ileile, tungekuwa na nafasi kubwa zaidi." Akachukua sketi yake na zipu yake mbovu. "Sketi nitaisubiri. Sasa una kazi nyingine ya kufanya kwanza."

Wembe alijua ni kazi gani. Alimtazama mkewe. "Twende wote?"

"Ulimkata peke yako," Mama Pacha alisema. "Nenda kamshone peke yako."

Vifungo alikuwa amekaa kibarazani kwa rafiki yake, anapinda sketi kwa mkono. Alimwona shemeji yake akija tangu mbali. Hakusimama.

"Karibu, shemeji."

"Asante." Wembe alibaki amesimama. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi mazuri, lakini sasa hakuona hata moja. "Shemeji, ni mimi. Ni mimi niliyewapa kadi. Ule ujumbe wa mzigo. Uliniambia, nikakwambia ushone. Nimekukosea. Nisamehe."

Vifungo alipitisha sindano, akavuta uzi. "Nilijua ni ule ujumbe," alisema. "Nilikuwa nataka kukwambia jioni ile. Hukunipa nafasi."

"Sikukupa."

"Na mimi nilikaa nikijiuliza, miaka yote hii nakula kwa shemeji, kumbe ananitazama mikono."

Wembe alifuta macho kwa kiganja.

"Nimekusamehe," Vifungo alisema. "Lakini kurudi dukani ni jambo jingine. Nikipita kwa kinyozi, ananitazama vibaya. Fundi viatu amehamisha kikopo chake cha pesa nilipokwenda kuchukua kiatu. Yule mwalimu hakuniitikia salamu. Ulinichafua kwa watu, shemeji. Wewe ni dobi. Nguo hufuliwa palepale penye uchafu, au pembeni?"

"Palepale."

"Basi."

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu. Kumwomba mtu msamaha kibarazani ni jambo moja. Kwenda kusimama mbele ya kinyozi, na viti vyake vyote vimejaa watu, na kusema, "Mjinga alikuwa mimi," ni jambo jingine. Wembe alipita mlango wa kinyozi mara ya kwanza, akajifanya anakwenda mbele. Akarudi. Akaingia.

"Jamani," alisema. Mashine ya kunyolea ikazimwa. "Nilisema shemeji yangu ameniibia. Si kweli. Hakugusa hata senti. Nilipata ujumbe wa mzigo, nikabonyeza, nikajaza namba za kadi. Akapiga simu mtu mpole, nikamsomea tarakimu. Nilitapeliwa mimi, kisha nikamtukana mtoto wa watu."

Kijana mmoja aliyekuwa ananyolewa alicheka. Kinyozi hakucheka. Alikuwa ameshika kitana, na kitana kimebaki hewani.

"Ujumbe gani huo?" aliuliza. "Ulikuwa umeandikwaje?"

Wembe akatoa simu, akamwonyesha. Kinyozi alisoma, akaweka kitana chini, akatoa simu yake mwenyewe mfukoni.

"Huu hapa," alisema. "Nimeupata asubuhi hii. Nimeagiza mashine mbili za kunyolea. Nilikuwa namalizia kichwa hiki nikae nijaze."

"Usijaze!" Wembe alisema. "Usijaze kitu, ndugu yangu. Mpigie aliyekuuzia mashine, kwa namba unayoijua wewe."

Kinyozi akapiga. Muuzaji akajibu kwamba mashine ziko njiani na hakuna ada yoyote. Kinyozi alikaa kwenye kiti cha wateja, akapumua. "Pesa za kodi ya duka ziko kwenye kadi ambayo ningejaza namba zake," alisema. Na yule kijana aliyecheka akauliza, safari hii kwa sauti ya chini, "Samahani, mzee. Hizo tarakimu, zikoje hasa?"

Wembe alikaa akaeleza. Kutoka hapo alikwenda kwa fundi viatu. Kisha akampelekea mwalimu shati lake lililobaki dukani mpaka nyumbani, ili apate kusema naye. Kila mahali alianza na maneno yaleyale, na kila mahali yalitoka kwa wepesi kidogo kuliko mwanzo. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba naye aliwahi kutapeliwa na hakumwambia mtu, hata mkewe.

Vifungo alirudi mwanzoni mwa wiki. Alikiondoa kitambaa juu ya cherehani, akatia mafuta, akaanza na ile sketi ya dada wa benki. Utani haukurudi siku hiyo, wala kesho yake. Wembe hakuuharakisha. Doa jingine halitaki kusuguliwa kwa nguvu.

Mambo mengi yalibadilika. Benki ilimpa Wembe kadi mpya, naye akaomba kikomo chake kipunguzwe, kitoshe mahitaji ya duka tu. Namba mpya ya siri aliichagua mwenyewe, na hakumpa mtu, hata mkewe. Mama Pacha hakununa. "Niache na namba zangu nami nikuache na zako," alisema. Anapobonyeza namba hiyo dukani, Wembe huifunika kwa mkono wa pili. Muuzaji akitaka kwenda na kadi chumba cha nyuma, humwambia, "Leta mashine hapa, ndugu, kadi yangu haipendi kusafiri." Kila ujumbe wa benki huusoma siku ileile unapofika, na pasi huiweka chini kwanza. Malipo asiyoyaelewa humuuliza mkewe, na kama mkewe haelewi, hupiga namba ya nyuma ya kadi. Deni hulilipa zaidi ya kile cha chini kila mwezi. Linapungua polepole, lakini linapungua.

Asubuhi moja simu yake iliita. Wembe aliweka pasi pembeni.

"Habari za asubuhi, bwana. Napiga kutoka benki, kuhusu malalamiko yako ya kadi."

Cherehani ikanyamaza. Vifungo alikuwa anasikiliza. Mama Pacha pia.

"Asante, binti yangu," Wembe alisema. "Lakini mimi nakata simu. Nikitaka benki, nitaipigia mwenyewe."

Akakata. Akatoa kadi, akaigeuza, akapiga namba ya nyuma. Akasubiri. Akajieleza. Mhudumu aliyepokea alimwambia asubiri kidogo, na mara ikasikika sauti ileile ya binti, sasa imejaa kicheko.

"Ni mimi kweli, bwana, niliyekupigia. Usiombe radhi. Umefanya sawasawa. Natamani wateja wote wangenikatia simu hivi." Kisha akamweleza. Malipo ya duka la simu, ambayo ndiyo yalikuwa makubwa, yalizuiwa kabla hayajakamilika. Pesa hizo hatadaiwa. Yale ya viatu na mikoba yalikuwa yamekwishapita, na atayalipa mwenyewe.

Wembe alimshukuru, akaweka simu mezani. Aliwaeleza wenzake yote, la kufurahisha na la kuuma.

Vifungo aliangalia kazi iliyokuwa mbele yake. Mabega yalianza kumtikisika. Wembe alidhani analia, akapiga hatua kumwendea.

"Shemeji," Vifungo alisema, akishika tumbo kwa kicheko, "yaani tapeli ulimwitikia marahaba, na binti wa watu wa benki umemkatia simu usoni!"

Mama Pacha akaegemea rafu ya mashuka, akacheka mpaka machozi. Wembe naye akacheka, kwanza kidogo, kisha kwa sauti, mpaka kinyozi akaja mlangoni na kitana chake kuuliza kuna nini.